Fimbo ya Kuvulia ya Idara ya Rangi

Nieleweke mapema: mimi si mkusanyaji wa vitu vya kale. Mkusanyaji ni mtu anayenunua rili ya shaba, lile gurudumu la kukunjia mshipi, akaifungia kwenye kabati la kioo, na wageni wakija anawaonyesha kwa mbali kama mgonjwa anayeambukiza. Mimi nikiokota rili kwenye lundo la vyuma chakavu naifungua, naisugua kutu, naitia grisi, jino lililovunjika nalichongea jingine kwa tupa, halafu Jumapili naipeleka bwawani ikafanye kazi. Kitu kilichotengenezwa na mikono ya mfanyakazi kina haki ya kufanya kazi. Niliwahi kuyasema haya kwenye mkutano wa hadhara nikazimiwa kipaza sauti. Hapa hakuna wa kunizimia.

Mke wangu anasema tofauti kati yangu na wakusanyaji ni kwamba wenzangu wana kabati.

Kweli sina. Vyangu viko chumba cha nyuma, kile kilichopakana na jiko. Rili zimo kwenye sufuria ambazo mke wangu alishazitangaza kuwa zimepotea. Maboya ya kizibo yananing'inia kwenye waya wa nguo, ndoano zimo kwenye kopo la maziwa, na kwenye ubao wa dirisha nimefunga jiliwa ya kubania vyuma. Kuna pia kikopo cha gundi ya kwato, gundi ya mafundi wa zamani, ambayo inachemshwa kwa moto mdogo na inanuka kana kwamba ng'ombe mwenyewe amerudi kudai kwato zake.

Na ukutani, juu ya misumari, zilikuwepo sehemu mbili za fimbo ya kuvulia: shina na katikati. Sehemu ya tatu, ncha, haikuwepo. Ncha alikuwa nayo Kwa Mujibu.

Huyu alikuwa meneja utumishi wa kiwanda cha nguo nilikofanya kazi ujanani nikikoroga rangi, tena nikiwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Jina tulimpa sisi, kwa sababu kila tangazo alilobandika lilianza hivyo. Kwa mujibu wa kanuni, kuimba kazini ni marufuku. Kwa mujibu wa kanuni, anayekwenda chooni amwone msimamizi. Msiba ulipomfika mwenzetu mmoja, rambirambi za kiwanda nazo zilianza na kwa mujibu. Nayakumbuka matangazo yote, na ubao yalipobandikwa naukumbuka, na kona ya ubao ule iliyokuwa imeliwa na mchwa.

Sisi wa idara ya rangi tulikuwa na klabu yetu ya uvuvi, na klabu ilikuwa na fimbo moja. Fundi mitambo mmoja aliyekuwa anastaafu alituachia. Si mwanzi wa kukata kichakani. Ni mwanzi uliopasuliwa vijiti vyembamba sita, kila kijiti kimechongwa pembe tatu, halafu vyote sita vimegandishwa pamoja na kufungwa uzi wa hariri, vikawa fimbo moja yenye pembe sita ambayo ukiipapasa huoni maungio. Tulipokezana kila Jumapili. Siku nilipoelezwa ilivyotengenezwa, niliwaambia wenzangu kwamba hicho ndicho chama cha wafanyakazi, kijiti kimoja unakivunja kwa vidole, sita vikishikana vinatoa kambare. Wakaniambia, "Katibu, tumekuja kuvua. Hotuba kesho."

Ukaja mgomo, nikafukuzwa na wenzangu kadhaa, na klabu ikafungwa kwa tangazo ambalo mnajua lilivyoanza. Siku ya mwisho niliingia chumba cha klabu kabla hakijapigwa kufuli, nikachukua nilichokikuta. Nilitoka langoni na vipande viwili vya fimbo ndani ya nguo, vimeanzia kwenye soksi vimeishia kwapani, natembea kama mlango. Mlinzi akaniuliza, "Katibu, una nini?"

"Nimevunjika moyo."

"Moyo hauko mguuni, ndugu yangu," akasema. Lakini lango akafungua.

Ncha sikuikuta kwa sababu Kwa Mujibu alishaichukua. Aliiweka ofisini, akawa anaelekezea michoro ya uzalishaji kwenye vikao. Ncha iliyozoea kuinamia samaki ikawa inaonyesha jinsi tunavyozembea. Hilo nililipata kwa mtu aliyekuwa anawapelekea chai, na sijalisahau.

Kiwanda kikafa. Kwa Mujibu akastaafu. Na binti yangu, pamoja na mji mzima kuwa na vijana, akaenda kupendana na mtoto wa Kwa Mujibu. Siku wazazi tulipokutana kwa mara ya kwanza kila mtu aliuliza habari za afya. Mimi niliuliza habari za ncha.

"Ipo," akasema. Alikuwa amevaa tai nyumbani kwake.

"Irudishe."

"Mkwe, ile ni mali ya kiwanda. Klabu yenu ilikuwa chini ya idara ya ustawi."

"Kiwanda kiko wapi?"

"Hakipo."

"Idara ya ustawi je?"

"Mkwe, kunywa chai," akasema mke wake, na mke wangu chini ya meza akanikanyaga kiatu.

Ndipo nilipogundua jambo baya zaidi. Mzee huyu naye ameupata ugonjwa. Baada ya kustaafu alianza kurekebisha vifaa vya uvuvi vya zamani, na kwa taabu nakiri kwamba mkono wake si mbaya. Alinionyesha rili aliyoitengeneza. Ukiizungusha inalia taratibu kama saa ya ukutani. Akasema yuko tayari kuvichukua vipande vyangu viwili ili fimbo ikamilike kwake. Nikamwambia mimi niko tayari kuichukua ncha ili fimbo ikamilike kwa wenyewe. Tukabaki hapo. Harusi ilipita, mjukuu akazaliwa, akaanza kutembea, na sisi tuko pale pale.

Binti yangu ndiye aliyechoka. Jumapili moja aliweka kijiko mezani, akatutazama wote wawili.

"Baba, na wewe baba, kila tukija hapa tunakaa kusikiliza habari za kijiti."

"Si kijiti," tukasema kwa pamoja.

"Sawa. Unganisheni, mkavue nayo. Atakayetoa samaki wa kwanza kwa fimbo hiyo, yote ni yake, ncha mpaka shina. Mwingine asilitaje tena jambo hili mbele ya mwanangu, maana ameanza kusema, na sitaki neno lake la kwanza liwe ncha."

Nilikubali. Nilijua mimi ni mvuvi na yeye ni karani. Fimbo ile ilikuwa kitu pekee kilichobaki cha idara ya rangi, na mimi ndiye wa mwisho katika kamati ya klabu ambaye bado ananyanyuka kitini bila kusaidiwa. Nikiipoteza, basi hata kijiti tumenyang'anywa. Na yeye alikubali haraka mno, nikashuku.

Kabla ya kuvua ilibidi itengenezwe. Uzee ulikuwa umefungua nyufa hapa na pale kati ya vijiti. Kuhusu gundi hatukugombana hata kidogo, na ni jambo la pekee tuliloafikiana tangu tujuane. Dukani kuna gundi ya chupa inayoshika hata ndani ya maji yanayochemka. Mkwe wangu akitamka jina lake anakunja pua, na mimi vivyo hivyo. Fimbo ilizaliwa na gundi ya kwato. Kuitia gundi ya chupa ni sawa na kumvika marehemu meno ya plastiki. Kila mmoja akaziba nyufa zake nyumbani kwake, kwa gundi ya kwato, akafunga uzi mpya wa hariri, akasugua kwa msasa laini.

Ikabaki vanishi. Gundi ya kwato haipatani na maji hata kidogo, na ndiyo maana fundi wa zamani alikuwa anaipaka fimbo vanishi mpaka inang'aa kama kioo. Hilo tulilijua wote. Tatizo lilikuwa rangi. Yeye alitaka vanishi ya kahawia iliyokolea, ile ya meza za wakurugenzi. Mimi nilitaka iliyo wazi, vijiti sita vionekane jinsi vilivyoshikana. Tulijadiliana nyumbani kwake, tukajadiliana nyumbani kwangu, tukajadiliana kwenye foleni ya zahanati mpaka muuguzi akatuomba tutoke nje. Mwishoni tukafikia mwafaka: hakuna atakayepaka chochote. Tutavua nayo ikiwa mwanzi mtupu, na atakayeshinda ataipaka apendavyo.

Tulipeana mikono na tukajiona tuna busara. Watu wawili waliozeekea kwenye meza za majadiliano, mmoja kila upande, tulikubaliana kwa hiari yetu kuichukua fimbo iliyogandishwa kwa gundi inayoyeyuka majini, isiyo na kitu juu yake, kwenda nayo kwenye maji.

Bwawa letu ni la kuhifadhia maji ya mji. Ukingo wake ni wa zege upande mmoja na tope upande mwingine, na sisi wa fimbo za zamani tunakaa upande wa tope. Mkwe alikuja na kiti cha kukunja, kofia pana, tai na suruali iliyopigwa pasi. Mimi nilikaa juu ya ndoo. Masharti yalikuwa mepesi: unashika fimbo mpaka utakapotoa ndoano majini. Ukiitoa bila samaki, zamu ni ya mwenzako. Tulirusha sarafu, akaanza yeye.

Sikuyafikiria masharti yale vizuri. Mvuvi wa kawaida akihisi chambo kimeliwa anavuta ndoano, anatia nyungunyungu mwingine. Kwa Mujibu hakuvuta. Alikaa. Jua likapanda, yeye amekaa. Boya lilizama kidogo, likatikisika, likatulia kama mtu aliyeshiba.

"Mkwe, chambo kimeliwa," nikamwambia.

"Hujui hilo."

"Boya linacheka. Toa uangalie."

"Nikitoa ni zamu yako."

"Kwa hiyo utavua na ndoano tupu mpaka Jumatatu?"

"Masharti hayasemi lazima ndoano iwe na kitu."

Nilisimama, nikazunguka ile ndoo. Huyu ndiye mtu aliyetuambia tusubiri nyongeza ya mishahara kwa sababu mchakato unaendelea. Kwenye ndoano ile hapakuwa na nyungunyungu, na kwenye mchakato ule hapakuwa na nyongeza. Nilimwambia hivyo. Akasema nisiwatishe samaki.

Mawingu yakakusanyika, yakaanza manyunyu. Mkwe akafunua mwavuli, na mwavuli wake ulikuwa wa zamani pia, wenye vumbi la kabati. Akapiga chafya. Ilikuwa chafya ya mtu mzima, ya mwili wote. Fimbo ikaruka juu, ndoano ikatoka majini ikining'inia mbele ya macho yetu, safi, imelambwa inameta.

"Zamu," nikasema.

"Chafya si kutoa kwa makusudi."

"Masharti hayasemi makusudi."

Akanipa fimbo kama anayekabidhi ofisi. Nilitia nyungunyungu mnene, nikarusha kwenye kivuli cha matete. Manyunyu yakawa mvua. Maji yalitiririka kutoka kwenye ncha yakashuka katikati, yakaingia shinani, yakanifikia kwenye kiganja. Nikaona fimbo inakuwa laini mkononi, inainama kwa unyenyekevu, nikajisemea huu ndio ufundi wa zamani, fimbo za siku hizi haziwezi kukunyenyekea hivi. Kiganja kilianza kunata. Nikadhani ni jasho.

Boya likazama moja kwa moja.

Nikavuta, na samaki akavuta. Alikuwa kambare, tena si mtoto. Fimbo ikapinda vizuri, ikapinda zaidi, na haikurudi. Nikasikia sauti kama mtu anayevua soksi iliyolowa. Vijiti vikaanza kuachana, kwanza karibu na ncha, halafu katikati, halafu vyote. Kati ya pete moja ya kupitishia mshipi na nyingine vilichanua kama mwavuli unaopinduliwa na upepo. Shina likafunguka ndani ya kiganja changu, na rili, iliyokuwa imebanwa kwenye shina hilo, ikadondoka kwenye tope. Nikabaki nimeshika fagio, na upande wa pili wa fagio kuna kambare anayeondoka.

Nilikuwa sijawahi kumwona meneja anakimbia. Kwa Mujibu alitupa mwavuli, akaruka na ile suruali ya pasi, akapiga magoti topeni, akaukamata mshipi kwa mikono yote miwili. Akauweka begani, akageuka, akapanda ukingo akivuta kama anayeburuta gari bovu, huku mimi namfuata nyuma na fagio langu, maana mshipi ulikuwa bado unapita kwenye pete na vidole vyangu vimenata. Kambare akatoka. Akalala kwenye majani, akitufungulia mdomo, mara mimi, mara yeye.

"Wangu," nikasema. "Zamu ilikuwa yangu."

"Atolewe kwa fimbo. Ndivyo tulivyokubaliana. Fimbo iko wapi?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Basi na wewe umemtoa kwa mshipi. Hakuna mshindi," nikasema.

Akawa anahema. Kofia ilikuwa imeteremkia shingoni, tai ina matope. Akaokota mwavuli wake.

"Chukua," akasema. "Yote yako, na ncha. Mimi nilitaka fimbo. Hizo ni kuni." Akamchukua kambare, akaenda zake.

Hebu fikirieni. Nimeidai ncha ile tangu nikiwa na nywele, na siku ninayopewa napewa kama mtu anayeombwa amsaidie mwenzake kutupa taka.

Nyumbani nilivisafisha vijiti vyote kwa maji ya moto, nikavikausha, nikavipanga mezani kwa ukubwa. Kuziba ufa ni kazi ya mtu mmoja. Kuijenga fimbo upya kutoka vijiti sita ni kazi ya mikono minne: mmoja anapaka gundi ya moto na kuvibana vijiti pamoja, mwingine anazungushia uzi kwa nguvu mwanzo mpaka mwisho kabla gundi haijaganda, na gundi ile haingoji mtu. Nilijaribu peke yangu. Jaribio la kwanza vijiti viligandana na mkono wa shati, mke wangu akaukata mkono wa shati. Jaribio la pili viligandana na meza. Wenzangu wa idara, wale waliobaki, mmoja macho yamekwisha na mwingine mikono inatetemeka hata akishika kijiko.

"Mwite mkwe wako," mke wangu akasema.

"Siwezi kumwomba yule."

"Nimesema mwite. Nani kakwambia umwombe?"

Nikampelekea ujumbe kwamba anahitajika kazini saa nne asubuhi. Akaja saa nne kasorobo, amevaa aproni ya mke wake juu ya shati jeupe. Nilimwonyesha pa kukaa. Nilimweleza kazi, nikamweleza kwamba msimamizi ni mimi, na kwamba maongezi yatapunguzwa. Tukaanza na shina, akafunga uzi barabara, hakulegeza hata sehemu moja. Tukafanya katikati. Gundi ilimfika kwenye viwiko na hakuikunjia pua. Nikaanza kuona kwamba kama ningempata idara ya rangi ningeweza kumfanya mtu.

Tukafika kwenye ncha. Nikapaka gundi vijiti vyote sita, nikavikusanya, nikavibana kwa vidole, nikamwinulia azungushe uzi.

Kwa Mujibu akaweka mikono yake magotini.

"Nini?" nikamuuliza.

"Nimegoma."

"Mkwe, gundi inaganda."

"Naiona. Ndiyo maana nimegoma sasa na si asubuhi. Siku ya mgomo nyinyi mliniachia mapipa ya rangi yanachemka na kitambaa kimo ndani. Nilisimama pale mlangoni nikakitazama kikiiva. Yalikuwa mafunzo mazuri sana."

"Tumalize kwanza kazi," nikasema, "halafu tutakaa tuzungumze."

Yalipotoka mdomoni niliyatambua. Ni maneno yake, neno kwa neno, aliyotuambia kwenye mlango ule. Naye aliyatambua. Hakucheka, lakini masikio yake yalisogea.

"Unataka nini?" nikamuuliza. Gundi ilikuwa imeanza kuvuta nyuzi kati ya vidole vyangu.

"Uanachama."

"Wa nini?"

"Wa klabu. Ofisi yangu dirisha lake lilikuwa linatazama chumba chenu. Kila Jumatatu mlikuwa mnasimuliana samaki wa jana mpaka kengele. Nilikuwa nawasikia. Sikuwahi kualikwa hata kuuona mkia."

"Ile ni klabu ya wafanyakazi. Wewe hukuwa mfanyakazi."

Akainua mikono, gundi inamdondoka viwikoni. "Na huyu hapa ni nani?"

Niliwahi kuhutubia mpaka polisi wakasahau kilichowaleta, lakini sasa vijiti vilikuwa vinakakamaa.

"Hoja lazima iungwe mkono kwenye kamati," nikasema.

"Naunga mkono," mke wangu akasema kutoka jikoni. "Mmalize, harufu hiyo imeshaingia kwenye unga."

"Wewe si mwanakamati."

"Basi tafuta mwenzako wa kushika hicho kijiti."

Nikamgeukia mkwe. "Fimbo nzima inakuwa mali ya klabu. Si yako wala si yangu. Na vanishi ni ya wazi."

"Ya kahawia."

"Ya wazi, au inagandia hapa hapa na wote tukose."

Aliitazama gundi. Alikuwa meneja kwa muda mrefu, anajua kuhesabu kilichobaki kwenye pipa.

"Ya wazi," akasema, akaushika uzi.

Tulikimbizana na gundi mpaka mwisho wa ncha, yeye anazungusha, mimi nabana, hakuna aliyepumua. Nilimwambia avute zaidi pale kwenye pete. Akavuta. Akauliza iwapo mwanachama mpya naye anahesabiwa zamu ya Jumapili.

Nikamwambia avute.